"Sauti utaisafisha kwenye kompyuta" na mengine ninayoambiwa na wapiga filamu

Mwezi uliopita nimepokea tena diski yenye filamu fupi ya kuhariri, imepigwa uani kwenye nyumba moja Mwananyamala. Picha nzuri, waigizaji wanaijua kazi. Sauti imenaswa na maiki ya kamera yenyewe, mita tatu kutoka kwa mama anayelia, na jenereta ya jirani inanguruma mwanzo mwisho. Dairekta akaniambia lile lile ninaloambiwa na kila anayeanza: "Kaka, sauti utaisafisha tu kwenye kompyuta."

Haisafishiki! Programu za kuondoa kelele ninazitumia kila siku. Zinaweza mvumo usiobadilika, kama feni au friji, na hata hapo zinamega sauti ya mtu. Ukizidisha, mwigizaji anasikika kama anaongea ndani ya ndoo. Bodaboda, kunguru, muuzaji mwenye spika, hao wanapanda na kushuka juu ya maneno yenyewe. Mwangwi wa sebule ya vigae ni mbaya zaidi, maana ni sauti ya mwigizaji mwenyewe inayorudi. Programu mpya za akili mnemba zinajitahidi kuliko za zamani, lakini zikikutana na kwikwi au mnong'ono zinadhani ni kelele, zinafuta. Na sauti iliyopasuka kwa kurekodiwa juu mno imekatwa vilele, yaani zile sehemu zenye sauti kubwa kabisa. Kilichokatwa hakikuingia kwenye kadi, nikitoe wapi?

Tatizo ni umbali. Ukiusogeza maiki mbali mara mbili, sauti ya mwigizaji inashuka kama desibeli 6, kelele za mtaa zinabaki pale pale. Huna pesa ya maiki ya buum, ile inayoshikwa kwenye mti mrefu juu ya mwigizaji? Chukua simu ya pili, zima mtandao, washa kinasa sauti, ifiche ndani ya nguo sentimita 20 au 30 chini ya mdomo, isisuguane na kitambaa. Kila mkianza kurekodi piga kofi moja mbele ya kamera, nipate pa kuilinganisha sauti na picha. Ukiwa na rekoda, vilele viishie karibu na desibeli -12. Ndani ya nyumba, tandika magodoro na mablanketi nje ya fremu. Kabla hamjafungasha, wote mnyamaze sekunde 30 mrekodi ukimya wa mahali pale. Bila huo, kila ninapokata panasikika shimo.

Na mahali pa kupigia, nenda siku moja kabla, saa ile ile, ukae kimya dakika 10 ukisikiliza. Watu wanakwenda kuangalia ukuta una rangi gani! Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, utasikia ndege zikiruka, kwingine utasikia mashine ya kusaga.

Sini ya yule mama tuliirudia alfajiri, jenereta haijawashwa, simu imefichwa kwenye kanga yake. Ilichukua saa moja na nusu. Mimi nilikuwa nimeshapoteza siku nne kwenye ile ya kwanza.

Mengine ninayoambiwa ni mepesi kujibu. Kwamba 4K ndiyo inaleta sura ya sinema: 4K ni nukta mara nne ya Full HD, basi. Haikuokoi na mwanga mbaya. Jua la saa sita mchana hapa Dar linakaa karibu na utosi, hasa Oktoba na mwanzoni mwa Machi, na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi kwenye kamera yoyote. Ingia kwenye kivuli cha mwembe na shuka nyeupe ya kurudisha mwanga, au subiri saa kumi na moja jioni.

Kwamba picha ikipepesa chini ya taa za tyubu basi kamera ni mbovu: umeme wetu ni hezi 50. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, viende sawa na umeme. Simu nyingi zinakuja zimewekwa fremu 30, badilisha kabla ya kuanza.

Kwamba wimbo wa mtu ni halali ukitumia chini ya sekunde 30: Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haina sekunde za bure. Omba kibali kwa mwenye wimbo, kwa maandishi, kabla hujaniletea diski.