Jina jipya kwenye chupa si lazima liwe dawa mpya

Wakulima wengi wa mboga huamini kwamba dawa ikishindwa kuzuia ubwiri unga (ugonjwa wa kuvu unaofunika majani kwa unga mweupe) kwenye matango, tiba ni kuzidisha kipimo au kununua ya jina jingine. Wazo hilo linaeleweka. Lakini dawa dhaifu au bandia si sababu pekee: huenda kuvu wenyewe wamebadilika. Wachache wenye ukinzani wa kurithi hunusurika kila dawa ileile inaponyunyiziwa, huzaliana, mwishowe hujaa shambani. Kipimo kikubwa huwaondolea tu washindani.

Kwenye lebo, tafuta kiambato amilifu, yaani kemikali inayoua kuvu, na namba ya kundi, inayoonyesha jinsi kemikali hiyo inavyowashambulia. Azoksistrobini na trifloksistrobini zote ni kundi la 11. Kuvu sugu kwa moja kwa kawaida huishinda nyingine pia. Zamu ijayo, chagua kundi tofauti kabisa.