Maana ya Ukinzani wa Kijeni wa Mizabibu dhidi ya Ugonjwa wa Pierce

Ukinzani wa kijeni ni uwezo ambao mmea huzaliwa nao wa kuzuia kimelea kisistawi ndani yake, nao hurithiwa na kizazi kinachofuata. Kwa mizabibu, mfano ulio wazi zaidi ni ule wa ugonjwa wa Pierce, ambao umewasumbua wakulima wa California, Marekani, tangu karne ya 19.

Ugonjwa huo husababishwa na bakteria aitwaye Xylella fastidiosa, anayesambazwa na wadudu wanaofyonza maji ya mmea. Bakteria hao huzaana katika mirija inayopandisha maji kutoka mizizini, mirija ikaziba, na mzabibu ukanyauka hata kama udongo una maji ya kutosha. Kingo za majani hukauka, kisha jani huanguka na kuacha kikonyo chake tupu kwenye tawi. Mzabibu ukishaambukizwa hauna tiba ya kutegemewa, na dawa ya kupulizia hupunguza wadudu tu, tena ni lazima irudiwe msimu baada ya msimu.

Mzabibu wa Ulaya, Vitis vinifera, unaotoa sehemu kubwa ya divai duniani, hauna kinga hiyo. Iliyo nayo ni baadhi ya mizabibu mwitu ya Amerika. Andrew Walker, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, aliupata ukinzani katika Vitis arizonica kutoka Meksiko, ukiwa kwenye sehemu ya kromosomu ya 14 iliyopewa jina PdR1. Tatizo ni kwamba chotara wa kwanza wa mzabibu huo na ule wa Ulaya huwa nusu mwitu, na zabibu zake hazifai kwa divai nzuri. Kwa hiyo chotara huyo huchavushwa tena na mzabibu wa Ulaya, na uzao wake vilevile, hadi asili ya Ulaya ipande kutoka asilimia 50 hadi 75, kisha 87.5, na hatimaye kukaribia 97. Katika kila kizazi, takriban nusu ya miche huikosa PdR1. Ndiyo maana kipimo cha vinasaba, kinachoibaini miche hiyo ingali michanga, kimeokoa miaka mingi ya kungoja.

Mwaka 2019 chuo hicho kilitoa aina tano, ikiwemo Camminare noir na Ambulo blanc. Bakteria bado huweza kuingia ndani ya mizabibu hiyo, ila hubaki wachache. Hata hivyo, kutegemea chanzo kimoja cha ukinzani ni hatari, kwa kuwa bakteria hubadilika. Kwa sababu hiyo watafiti wanaiunganisha PdR1 na vyanzo vingine vya ukinzani katika mzabibu mmoja.