Mtoto mzito kujibu si mzito wa akili

Mtoto wa darasa la sita hajamaliza kunakili, ubao umeshafutwa. Nyumbani na shuleni anaitwa kichwa maji. Jina hilo humkaa mtoto miaka mingi, na mara nyingi anaonewa.

Dhana: Anayechelewa kujibu hana akili.

Ukweli: Kasi ya ubongo na uwezo wa kufikiri vinahusiana, lakini si kitu kimoja. Kasi hupimwa kwa kazi nyepesi kabisa. Mtoto huonyeshwa tarakimu, kila moja na alama yake, kisha kwa dakika 2 anajaza alama chini ya tarakimu zilizochanganywa. Hakuna fumbo hapo. Ni macho, mkono na saa. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Kail, alijumuisha tafiti nyingi akaonyesha kwamba kasi hupanda upesi utotoni, kisha taratibu, hadi katikati ya ujana inapokaribia ya mtu mzima. Wa miaka 10 bado huhitaji karibu mara mbili ya muda wa mtu mzima. Na wa umri mmoja nao hawalingani.

Dhana: Ubongo ukishafikia ukubwa wake, umemaliza kukua.

Ukweli: Kwenye miaka 6 ubongo huwa na takriban asilimia 90 ya ukubwa wa mtu mzima. Kinachoendelea ni myelini, ala ya mafuta inayozunguka nyuzi za neva. Uzi usio na ala hupitisha ujumbe mita 1 au 2 kwa sekunde. Wenye ala nene huweza kufika mita 100. Seli zinazoitengeneza zinahitaji madini ya chuma, kwa hiyo msichana aliyevunja ungo na anayechoka ovyo apimwe wingi wa damu, na dagaa na maharage visikosekane.

Dhana: Akiwa mwepesi kama mtu mzima, na busara imefika.

Ukweli: Kujizuia na kupanga mambo huchelewa zaidi, hadi miaka 18 na kuendelea.

Dhana: Kukesha kunanoa akili.

Ukweli: Wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Asiyelala hujibu polepole na hukosea zaidi.

Mwalimu anaweza kujaribu: ampe mtoto jaribio lilelile kwa muda wa ziada. Alama zikipanda sana, somo analijua, kilichompungukia ni muda. Lakini aliyekuwa mwepesi akazorota ghafla, hasa baada ya kuumia kichwa au wakati wa huzuni isiyoisha, apelekwe hospitali.