BMW 335i au Mark X 350S: gari lipi linaihimili milima ya Mbeya?

Mabishano ya Mjerumani na Mjapani hufanywa kana kwamba gari litaendeshwa Masaki, Dar es Salaam. Mbeya mjini tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo hesabu hubadilika. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo injini isiyo na turbo, yaani feni ya kuisukumia hewa zaidi, hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Mark X 350S yenye injini ya 2GR-FSE huandikwa nguvu za farasi 318. Hapa kwetu unabaki na kama 270. Ukipanda barabara ya Chunya zinapungua tena.

BMW 335i yenye injini ya N54 ina farasi 306 tu kwenye karatasi, lakini turbo zake mbili huzunguka kwa kasi zaidi na kufidia hewa iliyokosekana. Msukumo wake wa Nm 400 unaanza kwenye mizunguko 1,300 hivi kwa dakika, wakati Mark X inakupa Nm 380 ukiifikisha 4,800. Barabara ya Tunduma imejaa matuta, rasta, vijiji vya 50 na trafiki wenye tochi, kwa hiyo kasi ya mwisho haina kazi. Nguvu unaihitaji kwa sekunde chache: kulipita lori mlimani na kurudi upande wako mapema. Kwa kazi hiyo Mjerumani wa turbo ni bora, nasema bila kusita.

Gharama yake ni joto. Turbo ikizunguka zaidi, hewa inayoingia na oili vyote huchemka zaidi, na N54 tangu kiwandani imepangwa kutembea moto, zaidi ya nyuzi 100 ikiwa haina mzigo mkubwa. Maji matupu hapa Mbeya huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha ya mfumo pamoja na kulanti, dawa ya kupozea inayochanganywa na maji. Sasa chukua gari lenye mfuniko wa kulanti uliolegea au tangi lake la plastiki lenye ufa mwembamba kama unywele, mwenyewe amejaza maji ya bomba, na yuko nyuma ya malori anapanda Kitonga kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Presha ikitoka, maji yanageuka mvuke papo hapo na silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inapinda. Mark X huwa inatoa nafasi ya kuona mshale unapanda na kuegesha. BMW hii haina hata mshale wa joto la maji kwenye dashibodi. Taa ya onyo ikiwaka, muda uliobaki ni mdogo.

Pampu yake ya maji ni ya umeme na mara nyingi hufa baada ya kilomita 100,000 hivi, bila kuvuja wala kupiga kelele. Ukinunua 335i ambayo haina kumbukumbu ya pampu kubadilishwa, ibadilishe pamoja na thermostati (valvu inayoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta), mipira yake na boliti zake tatu za alumini, ambazo hazirudiwi. Kisha kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka: kutoa hewa kwenye mfumo wa kupoza. Usiwashe injini. Funga chaja kwenye betri, washa swichi, weka hita kwenye joto la juu kabisa na feni kwenye kasi ya chini kabisa, washa taa za mbele, kanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde 10, halafu achia. Utaisikia pampu ikizunguka yenyewe kwa kama dakika 12. Ikisimama, ongeza kulanti hadi alama. Fundi akiwasha injini na kusubiri itoe mapovu kama anavyofanya kwenye Corolla, hewa inabaki ndani na pampu mpya inaungua.

Mjerumani mwingine, Golf GTI ya lita 2.0 yenye turbo, toleo la tano, inanisumbua kidogo kuliko BMW, ila ina kidude kimoja cha kufuatilia. Kati ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na pampu ya petroli ya presha kubwa kuna kikombe kidogo cha chuma chenye rangi nyeusi usoni. Fungua boliti tatu za nyota saizi ya T30, toa pampu, kiangalie kila kilomita 30,000. Weusi ukifutika katikati na chuma kung'aa, kibadilishe siku hiyo hiyo. Kikitoboka, kamshafti inakula pampu.

Wajapani nao hawafanani. Subaru WRX STI ya soko la Japani imepangiwa petroli ya oktani 100. Ukiijaza petroli yetu ya kawaida, ukaiacha gia ya tano ukikanyaga hadi mwisho mlimani, injini inagonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, na kuta za ringi kwenye pistoni hupasuka. Shusha gia, iache izunguke, na pima oili kila kilomita 1,000. Kwa starehe ya kila siku siipendekezi: springi zake ni ngumu na abiria wa nyuma atalalamika kabla hamjafika Makambako.

Kwenye Mark X, tofautisha injini. Ile ya 2.5, yaani 4GR-FSE, hunyunyizia petroli ndani ya silinda tu, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa haziogeshwi na hujaa kaboni. Dalili ni injini kutetemeka asubuhi gari likiwa limesimama. Ile ya 3.5 ina nozeli za aina mbili, moja kabla ya valvu na moja ndani, na tatizo hilo karibu halipo. Ugonjwa wake mkubwa ni pampu ya maji kuvuja taratibu, unaacha utando wa waridi pembeni yake.

Kuhusu starehe, 335i ina viti na utulivu ambao Mark X haiufikii, lakini matairi yake ya ranifleti, yaani yanayoweza kutembea hata yakiishiwa upepo, yana kuta ngumu, kila shimo unalisikia mgongoni, na buti halina tairi la akiba. Weka matairi ya kawaida, halafu beba spea na jeki, kwa sababu saizi ya inchi 18 hutaipata Igawa usiku.

Kwa mtu wa Mbeya mwenye gari moja tu, nachagua Mark X ya 3.5. 335i nunua ikiwa theluthi ya bajeti inabaki mkononi kwa mfumo wa kupoza na kifaa cha kusomea joto la injini.

Ukienda kukagua, mwambie muuzaji asiliwashe. Gusa boneti kwanza. Fungua mfuniko wa kulanti injini ikiwa baridi, angalia rangi na harufu, tazama kama plastiki ya tangi imegeuka njano. Washa, sikiliza cheni ya injini kwa sekunde tano za mwanzo, kisha lipandishe Iwambi ukitokea Mbalizi, AC ikiwa imewashwa. Ukikuta boneti lina joto, rudi kesho yake asubuhi.