Je, wajua kwa nini mgeni ndiye hukimbizwa kwanza?

Hadithi za zamani za upelelezi zilipenda kisa hiki: wivu unaua, muuaji amekaa msibani anapokea pole, na polisi wanamsaka mgeni aliyeshuka mjini jana yake. Wengi hudhani ni ujanja wa mtunzi. Mimi naona watunzi wale waliwajua watu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 85,000 duniani waliuawa kwa kukusudia, na kati yao 51,100 waliuawa na wenzi wao au jamaa zao.

Sasa kwa nini akimbizwe mgeni?

Fikiria mwalo wowote wa Mwanza alfajiri, mitumbwi ya dagaa inarudi, taa bado zinawaka. Ukipigwa mwano, kama Wasukuma wauitavyo ule ukelele wa hatari, kila mtu hutoka mbio. Mwenyeji akishukiwa, hakosi wa kusema, "Muacheni, huyo ni wa hapa." Kibarua aliyefika juzi kutoka kisiwani hana wa kumsemea. Akiogopa akakimbia, mbio zake zinahesabiwa kuwa ushahidi.

Kisha inakuja kumbukumbu, na hapa ndipo penye uchungu. Aliyeiona sura kwa sekunde chache gizani, macho yakiwa kwenye panga, hana picha kamili kichwani. Akili inajaza palipopungua. Akiletewa mtu aliyekwisha kamatwa, sura hii mpya inaifunika ile ya kwanza, na mahakamani ataapa bila kusita. Hasemi uongo. Anaamini kabisa.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiona hilo mapema. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi aulizwe: ulimwona kwa muda gani? Ukiwa umbali gani? Palikuwa na mwanga gani? Ulimjua kabla?

Ndiyo maana kuna gwaride la utambulisho, mshukiwa akichanganywa na watu wanaofanana naye. Kumleta mtu mmoja aliyefungwa kamba pale ufukweni na kuuliza, "Ni huyu?", ni kumpa shahidi jibu kabla hajafungua kinywa.