Kambi ya likizo pwani: ratiba ipangeni kwa upepo na maji

Assalamu alaykum wazazi na walimu wa Zanzibar. Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, skuli na vikundi vya skauti vinaanza kupanga kambi, watoto walale kwenye mahema ufukwe wa Vumawimbi kule Pemba, watembee msitu wa Ngezi, Pemba, au Jozani, Unguja, wakawaone kima punju (kima wekundu wa hapa kwetu), wapige kasia, waogelee, na sisi wa kitengo cha usalama wa majini tunaliunga mkono hilo kwa moyo wote, kijana aliyeinamia simu mwaka mzima anahitaji kutoka akachoka, akachafuka, akajifunza kuwategemea wenziwe. Kinachotutia wasiwasi ni ratiba zenyewe. Nyingi zinaandikwa kama za darasani, saa tatu chai, saa nne kayaki (vimashua vyembamba vya kupiga kasia), saa saba kula, hakuna alouliza upepo unatoka wapi wala maji yanajaa saa ngapi.

Tuanze na upepo mana hapa ndo watu wanapojidanganya. Mwezi wa sita ni kusi, upepo unatokea kusini mashariki. Ukisimama Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, unakupiga usoni, bahari unaiona imechafuka, kila mtu anajihadhari. Sasa nenda upande wa magharibi, Mangapwani au Kendwa, maji shwari kabisa, mwalimu anasema hapa ndo pa kuwapeleka watoto. Kwa kayaki hapo ni pa kuogopa zaidi! Upepo unatoka nchi kavu unaelekea bahari kuu, ufukweni huusikii kwa sababu miti na majumba yameukinga, lakini ukishatoka mbali kidogo unakushika mgongoni na kukusukuma nje, kwenda ni raha tupu, shida kurudi, mtoto wa miaka 13 hana mkono wa kupambana na upepo ule hata nusu saa.

Haya yashatokea kwa wenzetu. Tarehe 22 Machi 1993 huko Lyme Bay, kusini mwa Uingereza, wanafunzi 8 na mwalimu wao walitoka na kayaki pamoja na wakufunzi 2, safari fupi ya kufuata pwani tu, upepo wa kutoka nchi kavu ukawachukua, kayaki zikajaa maji zikapinduka, watoto 4 wakafariki. Mwaka 1995 nchi ile ikatunga sheria ya vituo vinavyopeleka vijana kwenye michezo ya aina hii.

Kwa hio kabla hamjalipia kayaki mtafuteni nahodha wa hapo hapo, sio wa mjini, na akisema leo hapana basi ni hapana, hata kama watoto washavaa. Kayaki zifuate ufukwe, zianze kwa kuukabili upepo ili wakati wa kurudi watoto washachoka upepo uwasaidie, na boti ya mashine ikae upande wa nje, baina ya watoto na bahari kuu. Wengi wanaifunga ufukweni, haina faida hapo.

Laifu jaketi nazo tunazikuta za watu wazima wamevishwa watoto. Mfunge mikanda yote, kisha lishike jaketi mabegani ulivute juu, likipanda mpaka masikioni halimfai, akiingia majini litamvuka.

Upande wa mashariki kuna kutembea mpaka mwambani maji yakitoka, na hii binafsi naiona ni bora kuliko kayaki, haina gharama na watoto wanaona kiti cha pweza, majongoo ya pwani, mashamba ya mwani. Lakini siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa kwetu inafika karibu mita 4, na maji hayajai kwa mwendo mmoja, yanaanza polepole, halafu saa mbili za katikati yanapanda karibu nusu ya kimo chote, tena yanapitia mifereji, unashtukia yameshajaa nyuma yako baina yako na ufukwe. Mfike mwambani kabla ya maji kupwa mwisho, yakigeuka na nyinyi mgeuke. Mchukueni mama anayelima mwani awaongoze na mumlipe, yeye maji ndo kazi yake. Kila mtoto avae raba, kandambili hazifai, kuna miba na kuna samaki anayefanana na jiwe mwenye sumu mgongoni, akimchoma mtoto mguu utiwe kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kustahamili (mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake), dakika 30 mpaka 90, na hospitali apelekwe.

La mwisho ni watoto wa kike. Kambi nyingi wao wanabaki mchangani kupika na kulinda mabegi, na hili linatuuma sana, kwa sababu siku boti ikipata matatizo baharini maji hayachagui. Tafuteni mwalimu mwanamke, wavae nguo za kuogelea za stara zisizokuwa nzito, chagueni pahala pa faragha maji ya kiunoni, wiki chache kabla ya kambi wajifunze kwanza kuelea chali na kupumua. Akiweza hilo ndo apewe kasia, na mtoto wa kiume vilevile.