Homa Kali, Nyayo za Baridi: Mtoto Hajapata Nafuu

Mshtuko wa maambukizi ni nini?
Vijidudu vikisambaa mwilini kupitia damu, mishipa hulegea, moyo huchoka, na damu haifiki ya kutosha kwenye ubongo na figo. Malaria kali nayo yaweza kumfikisha mtoto huko.

Mwanangu alikuwa anaungua. Sasa viganja na nyayo zimepoa, naye ametulia. Si amepata nafuu?
Hapana, mama. Mguse tumbo. Tumbo la moto na nyayo za baridi maana yake damu imeacha ngozi ikaenda kuokoa viungo vya ndani. Mtoto aliyepata nafuu hunyonya, hukutazama, hudai maji. Asiyelia hata akichomwa sindano hajatulia: ubongo wake unakosa damu. Kila wiki tunaletewa watoto waliokandwa mafuta na kufunikwa mablanketi usiku kucha kwa sababu "homa imeshuka". Haijashuka! Mlete usiku huohuo.

Nitamwangaliaje nyumbani?
Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde 5, kisha achia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, tafuta bodaboda. Ikirudi upesi lakini mtoto amelegea, anahema mbiombio au hajakojoa tangu asubuhi, njoo vilevile.

Zahanati walisema presha yake iko sawa.
Presha ya mtoto hushuka mwishoni kabisa. Moyo wake mdogo hauwezi kuongeza sana damu kwa kila pigo, kwa hiyo huongeza kasi, na mishipa ya ngozini hujibana kuishikilia presha. Ndiyo maana wodini tunarudia kuhesabu mapigo, kugusa miguu na kupima mkojo, hata mkituona wasumbufu.

Mbona dripu mnampa polepole? Mpeni nyingi apate nguvu!
Dripu si chakula. Utafiti uliotolewa mwaka 2011, wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Hospitali Teule ya Muheza ikiwemo, ulionyesha kwamba waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: zaidi ya 10 katika kila 100, dhidi ya 7 kwa wasiopewa hivyo. Moyo uliochoka haukuhimili. Aliyeishiwa maji kwa kuhara ana utaratibu wake. Tafadhali msimwombe mwenye duka la dawa amtundikie mtoto dripu.

Nisubiri kupambazuke, au babake arudi kutoka baharini?
Usisubiri. Mtoto mwenye mshtuko anatakiwa apate sindano ya kuua vijidudu ndani ya saa moja. Ukiwa Pangani au Mkinga, anza kituo cha afya kilicho karibu. Huko ataanzishiwa matibabu, kisha apewe rufaa ya Bombo, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Tanga. Kadi ya kliniki ikiwa mbali, iache, uje na mtoto.